Mukubwa Mupya wa Kambi

Yaya Masika, dada yangu,

Komanda wa kule musitu amekufa. Nilitaka usikie kwangu. Meja mumoja wa jeshi alikuja hapa Butembo, kwa shangazi, akanionyesha picha ya maiti ku telefone. Nilimutambua ku meno. Kule Beni batu balijaa barabara, banaimba. Shangazi alichinja kuku. Mimi sikuweza kula.

Siku balitushika ku shamba ya kakao karibu na Eringeti, ni yeye alitupatia maji. "Sasa mimi ni baba yenu." Hakushika panga hata siku moja. Alikuwa anataja tu jina ya kijiji, pole pole, na vijana banaenda. Na wakati homa ilikukamata, nilimupigia magoti juu ya dawa, akajibu na sauti ile ile: "Dawa ni ya bapiganaji." Ulikufa mikononi mwangu, Yaya.

Kisha nikakimbia. Siku ile Kavira, mutoto yako, alikuwa ku nyumba ya ule mwenye kubeba redio ya Komanda. Nikamuacha. Sijakuomba musamaha. Naomba leo.

Meja alifikiri kazi imeisha. "Kichwa imekatwa, mukia itakauka yenyewe." Mimi nikanyamaza. Nilijua ule wa redio ndiye alikuwa anatoa amri tangu Komanda alianza kuumwa mugongo. Lakini kama ningesema, ndege ingetupa mabomu ku nyumba yake, na Kavira analala mule. Basi nikafunga mudomo.

Hata mwezi haukuisha, ule wa redio alituma vijana ku kijiji chetu. Bamama balikuwa banavuna maharagi. Mama Kahindo, ule wa kuimba kanisani, mwenye alikusuka nywele siku ya komunyo yako, alikuwa kati yao. Tulimuzika na leso ku uso.

Tangu siku ile sina pa kugeukia. Bajirani bananiita bibi ya musitu, eti muke ya bapiganaji. Nikisema, mutoto yako anakufa. Nikinyamaza, banakufa bengine.

Juzi nilienda ku ofisi ya meja. Nikamuambia mukubwa mupya ni nani. Akaniletea karatasi nichore njia ya kambi.

"Hapana," nikasema. "Mabomu hapana, mule analala mutoto ya Yaya. Mutaenda na miguu, mimi mbele."

"Mama, siwezi kukuahidi huyo mutoto."

"Basi njia itabaki ndani ya kichwa yangu."

Akakunja karatasi. Jana alituma mutu: tunaondoka kesho kutwa.

Mama hajui. Nimemuambia naenda Kirumba kununua viazi, akanipatia koti yake juu ya baridi. Nilitoka mbio asione macho yangu.

Yaya, siwezi kusema nitamurudisha. Sijui hata kama atanikumbuka. Tutapita karibu na pale nilikuzika, na sitaweza kusimama, basi nakuaga hapa. Lala. Nakuahidi kitu kimoja: kama Kavira anabaki mule, na mimi nabaki.

Mudogo yako,
Kanyere