Keria Haiuzwi

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, paka kazaa tena kwenye kapu la nguo. Nakuandikia kuhusu keria uliyomchomelea baba juu ya pikapu. Ile aliyoicheka mbele ya mafundi wenzako, "Hii haimalizi mwaka," nawe ukaondoka kwa hasira.

Imemaliza kumi na minne! Imebeba mabati, magodoro, hata jeneza la bibi. Injini tumebadilisha, milango imeoza, keria haijaachia hata kiungo kimoja. Kila mwaka baba huisugua kutu na kuipaka rangi mwenyewe; ukitaka kumsaidia anakufukuza. Akifika pale ulipogonga jina lako, huzungusha brashi asilifunike. Hapo hupaka grisi tu.

Sasa macho yake yamekataa barabara, kwa hiyo juzi tumeuza gari. Mnunuzi alipoanza kuisifu keria, baba akapapasa mpaka akaipata spana, akapanda.

"Hii haiuzwi," akasema huku akifungua nati. "Ina mwenyewe."

Iko sebuleni, tunaizunguka kwenda jikoni. Njoo uichukue.

Mimi mdogo wako, mwenye goti lililovimba kwa kujigonga.