Chanjo Niliyoikataa Tumati

Mwanangu Neema,

Hujambo? Huku Tumati kuna ukungu na baridi, ila nimeshiba makande ya moto. Leo wauguzi waliniomba nizungumze na akina mama juu ya chanjo ya surua, ugonjwa nilioutafiti maisha yangu yote. Mama mmoja akanijibu, "Shikamoo babu. Kwetu anayekuletea kibuyu cha maziwa huonja kwanza. Uchomwe wewe, halafu huyu wangu."

Wenzake wakacheka, wakanisubiri. Chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto mwenye afya huvimudu, mimi siviwezi. Nikawaambia ukweli niliokuficha wewe: nina saratani ya damu, kinga yangu imekwisha, na daktari hadhani nitafika mavuno. "Mkikubali watoto hawa wachanjwe, surua haitapata njia ya kunifikia."

Yule mama akamfungua mtoto mgongoni. "Basi babu, huyu ataonja kwa niaba yako." Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Siogopi, mwanangu. Njoo tukae pamoja. Ukiwa na mafua, subiri yaishe kwanza.

Baba yako akupendaye