Majimaji Yamepungua

Alhamisi, 4 Mei

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Natumaini kikohozi cha shemeji kimepoa.

Mama mwenyewe ndiye anayekuletea barua hii. Upasuaji ulikwenda salama. Titi la kushoto limeondolewa lote pamoja na uvimbe, na daktari anasema walimuwahi. Angepaswa kubaki wodini siku kadhaa zaidi, lakini vitanda ni vichache. Tena mkuu wa ofisi yetu, huyu tunayemwita Bwana Utaratibu, ameshaanza kuuliza mbele ya watu ni karani gani aliyemwingiza mama yake kabla ya waliotangulia kwenye foleni. Unajua bado sijathibitishwa kazini. Muuguzi alisema mama anaweza kuuguzwa nyumbani mradi awepo mtu wa kuangalia mrija, nami nikasema yupo dada yangu. Dereva wa gari la dawa amekubali kumpakia mbele, kwa hisani. Gari hilo huja kwenye zahanati yenu kila Alhamisi, hulala, na kurudi Ijumaa. Tutaandikiana kupitia kwake.

Sasa sikiliza vizuri. Chini ya kwapa la mama unatoka mrija mwembamba uliotiwa ndani ya jeraha. Mwisho wake kuna chupa laini ya plastiki, ukubwa wa limau, imebandikwa kwenye nguo kwa pini. Kazi yake ni kuvuta majimaji yasituame ndani. Asubuhi na jioni nawa mikono kwa sabuni, fungua kizibo, mimina majimaji kwenye kikombe nilichokutumia chenye mistari, tazama yamefika wapi, futa kizibo kwa spiriti, funga. Basi. Usiuvute mrija. Yakishuka hadi vijiko viwili kwa siku nzima, niandikie. Atarudi aje kutolewa mrija. Ukiona yanapungua, ujue ni heri.

Muuguzi alipokuwa akieleza nilisimama nyuma ya pazia, maana mtoto wa kiume hawezi kumtazama mama yake kifua wazi. Lakini nilisikia yote na niliandika.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Kaka yako

*

Ijumaa, 12 Mei

Mdogo wangu, Bwana Kalamu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na kikohozi cha shemeji yako kimemwachia nafasi ya kugombana, kwa hiyo amepona.

Mama alifika. Alishuka kwenye gari kama waziri, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine unatusalimia. Wifi zangu walitaka kulia, akawaambia, "Lilieni titi, mimi nipo." Hiyo chupa yako ameipa jina. Anaiita mjukuu. Asubuhi ananiita, "We binti, njoo, mjukuu amekojoa." Na anasema nikuandikie hivihivi: kama humpi mjukuu mwingine mwaka huu, atakwenda kukutafutia mke mwenyewe, na hataangalia sura.

Kazi naifanya kama ulivyoandika. Siku ya kwanza kikombe kilikaribia nusu, rangi kama maji ya nyama iliyooshwa. Siku ya pili yakashuka. Sasa ni vijiko vitatu hivi. Mama anasema Mungu si mchoyo.

Jambo moja tu. Chupa ilikuja imebonyea, imejikunja kama kofia iliyokaliwa. Nilipoifungua mara ya kwanza ilivuta pumzi, ikatuna, na tangu hapo imebaki imetuna, mviringo, imejaa upepo. Mama anasema mjukuu amenenepa. Mimi moyo haukutulia. Nilitaka kuiminya kabla ya kufunga, irudi kama ilivyokuja, mama akanishika mkono: "Usiminye, utanirudishia uchafu tumboni." Sasa wewe uko hapohapo, hatua chache kutoka wodini. Nenda kamuulize nesi: iminywe au isiminywe? Nakuomba usikisie. Uliza.

Dada yako

*

Alhamisi, 18 Mei

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa na afya. Mimi naendelea, nashukuru.

Nimefurahi mno kusikia majimaji yamepungua. Hilo ndilo tulilokuwa tukiliomba.

Kuhusu swali lako, nimeuliza. Chupa kutuna ni kawaida. Plastiki ikikaa kwenye joto la mwili hulegea na kurudi kwenye umbo lake. Mama yuko sahihi: kuiminya kungeweza kusukuma uchafu urudi kwenye jeraha. Endelea kama nilivyokuandikia, usiongeze wala usipunguze.

Hapa mambo si shwari. Bwana Utaratibu amegundua kwamba mama alipanda gari la dawa. Amempa dereva onyo la maandishi. Mimi aliniita ofisini, akaniacha nimesimama huku akimaliza chai yake, kisha akasema, "Kijana, hospitali hii si ya ukoo wenu." Nikasema ndiyo, bwana. Akasema, "Ndiyo nini?" Nikasema si ya ukoo wetu. Mwenzangu wa meza ya pili akacheka chini kwa chini. Uamuzi wa kunithibitisha ni mwisho wa mwezi huu. Nikipita karibu na wodi najiona kama mwizi, kwa hiyo sipiti ila nikitumwa.

Mwambie mama nampenda. Mwambie pia kwamba mke nitamtafuta mwenyewe.

Ni mimi,
Kaka yako

*

Ijumaa, 19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Leo sina utani.

Barua yako nimeipata jana, na nimefanya ulivyosema, sikuiminya. Majimaji yamebaki kama machozi tu, hayafiki hata kijiko. Ningekuwa nashangilia. Lakini chini ya kwapa, kandokando ya kovu, pametokea uvimbe laini. Ukiweka kiganja, unacheza kama mfuko wa maji. Jioni mama anachemka, asubuhi anapoa na kunidanganya kwamba alikuwa amejifunika sana. Jana alikula vijiko viwili vya uji, akasema ameshiba. Mama huyu, aliyekuwa akitumalizia sahani zetu!

Niambie ukweli, nipate kujua la kufanya. Kama majimaji yameisha, mbona amevimba? Na kama hayajaisha, mbona hayaji kwenye chupa? Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu hii hainiingii akilini.

Nimwambie shemeji yako atafute usafiri? Dereva amesema hampakii mtu tena hata akimwona anakata roho njiani, ana watoto. Mpe daktari barua hii aisome. Jibu kwa gari la Alhamisi, nakuomba kwa jina la maziwa tuliyonyonya.

Dada yako

*

Ijumaa, 26 Mei

Wewe,

Gari lilikuja jana. Nilikuwa nimesimama zahanati tangu halijafika. Dereva akashusha maboksi yote, akanitazama, akasema, "Hakunipa kitu." Nikamuuliza kama unaumwa. Akasema alikuona mlangoni umeshika mafaili, ukamwona, ukageuka ukaingia ndani.

Nilirudi nyumbani, tukamweka mama kwenye toroli la jirani la kubebea mchanga, juu ya godoro, mimi na shemeji yako na wifi zangu wawili, tukamsukuma mpaka zahanati. Njia nzima alikuwa akituomba radhi kwa uzito wake. Uzito gani? Amebaki mifupa.

Nesi wa zahanati akafunua nguo. Akafungua kizibo, akaiminya ile chupa ndani ya ngumi mpaka ikalala bapa, akaifunga ikiwa imebanwa hivyohivyo, akaachia. Ikaanza kujivuta kutanuka. Ikavuta. Mdogo wangu, iliyatoa mambo mazito, ya manjano, yenye harufu iliyowafanya wifi zangu watoke nje. Ikajaa. Akamwaga, akaminya tena, ikajaa tena. Akasema, "Ikifungwa na upepo ndani, haivuti. Inaning'inia tu kama hirizi. Uchafu wote ulikuwa umekaa naye ndani." Kisha akauliza, "Aliyewaambia mfanye hivi ni nani?" Nikajifanya namfunika mama.

Amempiga sindano, lakini anasema hapo hakuna dawa ya kutosha wala mtu wa kufungua jeraha. Inatakiwa arudi hospitali leo, kesho isipite. Hawezi kukaa, na basi halimchukui mtu aliyelala. Simu ya zahanati ni pambo tu tangu mvua zile ziangushe nguzo. Linatakiwa gari la wagonjwa, na gari la wagonjwa linatoka kwa karatasi ya ofisi yenu. Ofisi yako. Dereva ameapa kukupa barua hii mkononi leo hii.

Usiandike. Usieleze. Tuma gari.

Dada

*

Jumatatu, 29 Mei

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwenu nyote, na kwa mama kuliko wote. Barua hii anayo dereva wa gari la wagonjwa. Hatimaye limepatikana! Litaondoka kesho alfajiri. Wodini wameshaambiwa, kitanda kipo. Mwambie mama avumilie kidogo tu.

Umesema nisieleze. Nitaeleza, maana sitaweza kukutazama usoni nikusimulie.

Barua yako niliipata Ijumaa ofisi ikiwa inafungwa. Nilijaza ombi palepale. Gari la wagonjwa likitoka nje ya mji linahitaji sahihi ya mkuu wa ofisi, kisha ya mganga mkuu. Bwana Utaratibu alikuwa ameshaondoka kwenda kwao hadi Jumatatu. Kwa dharura, karani anaruhusiwa kumwendea mganga mkuu moja kwa moja. Kanuni hiyo naijua, niliwahi kuinakili mwenyewe. Jumamosi mchana nilikwenda hadi nyumbani kwake. Nilimwona barazani akinyoa ndevu, kioo kidogo kimetundikwa dirishani. Nilisimama getini. Nilifikiri ataniuliza mgonjwa ni nani, nitasema ni mama yangu. Ataniuliza kwa nini alitolewa mapema, na nani alimfundisha aliyekuwa akimuuguza, na kwa nini nimemruka mkuu wangu. Alipoanza kugeuka nikaondoka. Nilitembea haraka, dada, kama niliyetumwa mahali.

Leo asubuhi ombi lilikuwa la kwanza kwenye meza. Bwana Utaratibu alilisoma, akatia sahihi, akasema, "Hivi ndivyo inavyotakiwa, kwa maandishi na kwa ngazi." Aliniambia pia kwamba nimethibitishwa kazini.

Na lile swali lako la kuminya. Sikumuuliza mtu. Siku ile wodini muuguzi alinishika mkono wa shati, akasema, "Njoo uone kwa macho, maneno hayatoshi." Nikabaki nyuma ya pazia, nikamwambia nasikia. Akaniita tena. Nikasema nimeelewa. Ulipoandika kuuliza, nilifika hadi mlango wa wodi. Yeye alikuwa mle ndani, anacheka na wenzake. Ningemwambiaje kwamba sikuelewa, nami nilikuwa nimetia sahihi kwamba nimeelewa? Nikarudi mezani nikafikiri jibu lenye akili, nikakuandikia. Wiki iliyofuata, ulipoandika kuhusu uvimbe, nilianza kukujibu mara tatu nikachana.

Mama akifika hapa nitaeleza yote mbele ya daktari. Nakuahidi. Acha tu afike.

Mdogo wako

*

Jumanne, 30 Mei

Mdogo wangu,

Gari limefika. Dereva na msaidizi wake waliingia uani wamebeba machela, wakakuta watu wamekaa kwenye mikeka. Wakasimama pale katikati wasijue waiweke wapi. Dereva alikuwa na karatasi mkononi, akanionyesha, sahihi zote mbili zipo. Shemeji yako akawakaribisha chai. Hawakunywa.

Mama alifariki Jumapili asubuhi. Tulimzika jana. Mtu tuliyemtuma kwako kwa basi amepishana na gari njiani, au amekufikia baada ya kuifunga barua yako. Kwa vyovyote sasa unajua.

Jumamosi alikuwa bado anasema. Mchana, saa zilezile ulipokuwa getini kwa watu, aliniuliza kama gari limekaribia. Nikasema limekaribia. Akasema, "Kijana wangu yupo palepale, hawezi kuniacha." Akawasimulia wifi zangu upya jinsi ulivyokuwa ukisoma gazeti kwa sauti kabla hujaota meno ya pili. Hilo walishalisikia mara mia. Walimsikiliza.

Barua yako nimeisoma peke yangu, nikaitia motoni. Siyo kwa ajili yako. Kuna shemeji yako, ambaye akikasirika hana breki, na kuna wazee.

Wazee waliuliza. Baada ya maziko walinikalisha, mjomba mkubwa akasema nesi wa zahanati amewaambia mama ameuawa na chupa iliyofungwa vibaya, na wanataka kujua mafundisho yalitoka kwa nani. Watu wote walikuwa wananitazama, na mama aliyekuwa akijivunia karani wake alikuwa hata udongo haujamkaukia. Nikasema nilifundishwa vizuri, nikasahau mimi. Mjomba alitikisa kichwa. Shemeji yako alinyanyuka akatoka.

Leo asubuhi wifi yangu mdogo alikuwa anataka kwenda kisimani. Ana kichanga cha wiki tatu. Nikanyoosha mikono nimshikie, kama siku zote. Akasema hapana, atakwenda naye. Akambeba mgongoni, akachukua ndoo, akaenda.

Hongera kwa kuthibitishwa. Ukitaka kuja kuona kaburi, njoo. Usiogope watu, hakuna atakayekuuliza kitu. Nimeshaulizwa mimi.

Dada