Choma Ile Miti ya Kahawa Mbele ya Mvua

Nguba, Bukavu

Mutoto wangu Bahati,

Mulilala muzuri huko ku kisiwa ya Idjwi? Bibi yako na batoto benu banakula vizuri? Mi niko. Mufupa wa muguu unaunga polepole, munganga ananikataza kupanda boti. Dada yako ananitunza. Mwenye ananiandikia hii barua ni maman Furaha, jirani wa hapa, juu mi masomo sikuyaona. Nimemukataza kupunguza ukali wa maneno yangu.

Bahati, niko na kasirani na wewe.

Ule mutita wa kuni ulionitumia na boti uliniletea furaha. Nikauweka mu jikoni. Juzi naonja sombe, majani ya muhogo, nasikia krr, krr. Kumbe ukuni mumoja wa kahawa uko na tundu, kidole kinaingia. Dudu likatoka, pembe zake ndefu kupita mwili. Dada yako akapanda juu ya kiti. Maman Furaha akacheka: "Maman, kwenu munatuma kuni na nyama yake?" Mi sikucheka. Lile dudu nalijua. Njo lilikula kahawa ya baba yako ku shina, mupaka majani ikakuwa manjano.

Nikakupigia simu. Ukanijibu eti: "Maman, ile miti ilikufa, nikaikata, mingine nikaegemeza nayo migomba. Sikutupa kitu." Na ukajisifu, mutu mwenye ndevu.

Muti umekufa, mutoto wa dudu ndani hajafa. Anakula humo, anangoja mvua, anatoka. Akitoka ataenda wapi? Ku kahawa yetu kidogo iliyobakia, na ku ya maman Nsimire jirani yetu, mujane mwenye analisha batoto bane na ile tu. Mwizi umemupa kazi ya kushika mugomba.

Mi njo nilikufundisha kutotupa kitu. Hapo nilikosa.

Choma yote mbele ya mvua kuanza. Usiache hata mumoja wa kufunga mulango wa nyumba ya mbuzi. Mugomba ukianguka, uanguke, utaota tena. Kisha pita ku kila shina la kahawa. Ukiona unga wa muti chini, ingiza waya mu tundu mupaka uue mwenye iko ndani.

Salimia bibi yako, asibebe maji na ile mimba. Salimia tonton yako, mukubwa wa familia, aache kubishana na padri. Maman Nsimire umusalimie wewe mwenyewe, umwambie ulichofanya mbele ya kuwasha moto. Akikutukana, nyamaza, umusaidie kuangalia mashina yake.

Nakupenda mupaka inaniuma. Usinipigie simu kusema umechoma. Tia majivu mu kopo, nitumie na boti.

Maman yako, koko wa batoto bako