Gauni la Kuvaa Melini

Kibosho,
9 Agosti

Dada yangu mpenzi Victoria,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Sanya Juu, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua siku za gulio. Sisi huku tunaendelea. Baridi ya mwaka huu imetuuma, ukungu hauondoki mpaka karibu adhuhuri, lakini kahawa imeanza kuiva na migomba imesimama vizuri. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yako hupokelewa na kila aliye karibu nayo, na haya nataka uyapate wewe peke yako.

Unakumbuka mwanangu Evelyn alinialika nikasafiri naye kwa meli huko Ulaya anakoishi, mwezi wa tisa. Si meli ya kuvukia kama zile za Unguja. Hii ni ya starehe, kama hoteli inayoelea. Watu hulala humo juma zima na kushuka kutazama miji. Viza ilipotoka nilidhani kilichobaki ni kufunga sanduku. Kumbe sanduku lenyewe ndilo lenye vita.

Evelyn alinieleza kwa simu wanavyovaa humo. Mchana ni nguo nyepesi, ila mtu haingii mezani na nguo ya kuogelea wala kandambili. Viatu viwe na soli ya mpira kwa kuwa sakafu ya nje huloa, na sweta isikosekane kwa ajili ya upepo. Jioni ndiyo yenye masharti. Kuna siku ambazo wanaume huvaa suti na wanawake magauni marefu, na asiyevaa hivyo anakwenda kula kwingine. Akaniomba nishone gauni refu la buluu. Nikamwambia, mwanangu, mimi bado nimevaa nyeusi ya msiba wa baba yako. Akasema nishone tu.

Basi nikashuka Moshi mjini kwa fundi Hussein, yule aliyemshonea Evelyn gauni la komunyo ya kwanza. Alipokuwa ananipima aliniuliza, "Mama Evelyn, hii ni harusi ya nani?" Nikamjibu kwamba ni gauni la kulia chakula. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nami nikacheka, dada. Sikuwa nimecheka tangu tumzike Basili wangu mwezi wa kumi na moja.

Sijui nani alipeleka habari, lakini Jumapili baada ya misa shemeji Antoni alikuja na wakubwa wa ukoo. Akakaa kwenye kiti cha kaka yake. Akasema Basili hajamaliza mwaka kaburini, na mjane wake anashona gauni la kwenda kuchezea muziki majini. Nyeusi itavuliwa Desemba, watoto wote wakiwa wamepanda nyumbani mlimani kwa Krismasi, na atakayenivua ni ukoo. Nikiivua kabla ya hapo, nisitegemee mtu kusimama nami juu ya kihamba hiki, shamba la ukoo ninaloishi. Aliyasema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikampigia Evelyn, nikamwambia nitakuja na nyeusi yangu. Akanijibu kinyonge kwamba inaruhusiwa, maana siku zile za magauni wanawake wengi wa kule huvaa nyeusi. Kwao ndiyo rangi ya kupendezea. Nikaona njia imepatikana. Nikaenda kwa Antoni kumweleza, na ndipo nikamwaga mafuta ya taa kwenye moto. Akaniuliza, "Kwa hiyo msiba wa kaka yangu umekuwa mtindo?"

Nilichoka. Nikampigia tena Evelyn kumwambia siendi, tiketi arudishe kama zinarudishwa, watu wanataka kuninyang'anya migomba kwa sababu ya kitambaa. Alilia, dada, na Evelyn unamjua, si mtu wa kulia. Ndipo akaniambia.

Macho yake yanakufa. Ni ugonjwa ulio nyuma ya jicho, hauna miwani wala upasuaji. Unaanzia pembeni na kuja katikati. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kazi ya unesi ameshaiacha. Siku ya maziko alipojikwaa kaburini tulisema ni uchungu, kumbe hakuliona lile rundo la udongo. Akaniambia, "Mama, tangu baba afe nakuona kwenye simu umevaa nyeusi tu. Sitaki hiyo ndiyo sura yako nitakayobaki nayo."

Hataki ukoo ujue mpaka atakapokuja mwenyewe kuwaeleza, nami nimemwahidi. Kwa hiyo siwezi kumjibu Antoni. Nimekwenda kwa paroko, akasema Kanisa halimfungi mjane kwa rangi ya nguo, lakini kihamba si cha paroko. Basili nilimpenda, Mungu anajua, na angekuwa hai yeye mwenyewe angenisukuma niende. Nimeamua kuivua, dada. Wakinitenga, wanitenge. Nitamlilia marehemu nikiwa nimevaa buluu, na aliye hai atakuwa ameniona.

Nakuomba uje Jumamosi. Wewe ndiye uliyetulea baada ya mama kufa, na mkono wako ukinivua hakuna atakayesema nilijivulia gizani kama mwizi. Tukimaliza tutashuka pamoja kwa Hussein kulichukua gauni.

Nisalimie sana shemeji Sylvanus na wajukuu wote, na Mungu akulinde barabarani. Usibebe chochote, hata maharage. Njoo na mikono yako tu, maana nguo hii nyeusi ina vifungo mgongoni, na siwezi kuvifikia peke yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Margareta