Doa Lililokataa Rangi

Jumatatu, 4 Agosti

Presha 148 kwa 92. Daftari hili alinipa Zuhura niandike presha kila asubuhi nikishapima. Naandika presha, halafu naandika na mengine. Kurasa ni nyingi na maneno ninayo. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anawaonyesha darasa zima.

Leo nimefagia gereji. Nyumba hii ya Utemini, hapa Singida mjini, kainunua Zuhura, mwanangu wa pekee, injinia wa barabara, kwa jasho lake, mtoto wa kike. Nina miezi miwili humu. Vyumba vitatu, na pembeni gereji kubwa kuliko sebule. Aliyekuwa anakaa alikuwa fundi magari. Zaidi ya hapo sijui. Dalali alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na furaha.

Jumamosi ya tarehe 23 wanakuja wakwe kutoka Tanga kuleta posa. Watu ishirini. Sebuleni hawaenei. Turubai nje haiwezekani, upepo wa Agosti unang'oa turubai na vigingi vyake. Kwa hiyo ni gerejini, chini, kwenye mikeka. Sakafu lazima ing'ae. Nimeshamwambia kila mtu sokoni kwamba itang'aa kama ya hoteli.

Shida ni doa. Liko katikati. Jeusi, refu. Oili tu hiyo.

Jumanne, 5 Agosti

Presha 150 kwa 90. Magadi, sabuni ya unga, maji ya moto, brashi ya waya. Nimesugua tangu chai mpaka adhuhuri. Mikono imechubuka. Doa limepauka, nikashukuru. Limekauka, limerudi lilivyokuwa.

Mama Rama, jirani, alichungulia getini. Nikamwambia wakwe ni watu wakubwa, wana maduka Tanga mjini. Nikamwambia Zuhura kasimamia daraja peke yake, wanaume kumi na sita chini yake. Mama Rama alikuwa anaangalia sakafu. Akasema, "Haya, mama Zuhura. Pole na kazi." Akaenda. Wivu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata akili. Kwetu kila kinachomwagika kinanyweshwa mashudu. Nimechukua debe zima la mashudu ya alizeti kwa wakamuaji, nimemwaga kote, nene kama godoro. Usiku kucha yanyonye. Wenye vyuo hawajui haya.

Alhamisi, 7 Agosti

Niliacha mlango wazi. Kuku wangu saba wameingia kula mashudu.

Wamekula sakafu nzima. Wameacha katikati tu. Hawakugusa hata punje. Na walipoacha ni umbo la mtu. Kichwa, mabega, mkono mmoja umenyooka mbele kama anayetafuta kitu alichodondosha. Miguu miwili, imekunjwa kidogo.

Nilisimama mlangoni na ungo mkononi. Nikawafukuzia kuku ndani kwa makusudi, nione. Wakazunguka. Jogoo naye akazunguka.

Nimezoa. Chini ya mashudu doa limekolea zaidi.

Presha sikupima.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana Nane Nane, mafundi wote walikuwa viwanjani. Leo kaja Fundi Elia, kijana wa Mitundu, fundi rangi, mdomo haufungi. Kagusa sakafu kwa kidole.

"Mama, umeweka nini hapa?"

"Mashudu."

"Mashudu si yana mafuta yenyewe? Umefuta mafuta kwa mafuta. Singida nzima mnafanya hivi, sijui nani aliwaroga."

Nilinuna. Halafu nikacheka, maana ni kweli. Kuku je? Akasema kuku hawapendi harufu ya oili. Basi. Ana sababu ya kila kitu, nimempenda.

Kamwaga asidi. Imechemka sakafu nzima, povu jeupe. Penye doa haikuchemka. Imelala tu kama maji. Elia akasema mafuta yameziba saruji. Akamwaga tena. Ikalala tena.

Jumapili, 10 Agosti

Saa nne asubuhi. Nachambua mchele barazani. Nikasikia ngo, ngo, ngo. Chuma kwa chuma. Kama fundi aliye chini ya gari anagonga boliti iliyogoma. Inatoka gerejini.

Nikaenda. Pamenyamaza. Hakuna mtu, mlango kwa nje nimefunga kufuli mwenyewe. Nikarudi kwenye mchele. Ngo, ngo, ngo. Polepole, kama mtu ambaye hana haraka.

Nikamwambia Zuhura kwenye simu. Akasema mabati yanatanuka kwa jua, mama. Msomi yule. Lakini mabati yako juu. Sauti ilikuwa chini.

Jumanne, 12 Agosti

Presha 156 kwa 95. Jana Elia alitandika nailoni sakafu nzima, akabandika kingo kwa selotepu. Anasema rangi hii ya kuchanganya makopo mawili haipendi unyevu, na saruji yenye unyevu itatoa jasho chini ya nailoni. Ikikaa kavu, tunapaka.

Leo asubuhi tumeingia pamoja. Nailoni yote kavu. Katikati matone. Mazito, yamejipanga. Yule yule, na mkono wake. Penye uso matone yalikuwa mengi zaidi, ungesema mtu anapumua.

Elia alikuna kichwa tu. Elia. Nikamsukuma bega, "Sababu yake nini sasa?" Akasema labda bomba limepita hapo. Akatafuta bomba mpaka saa saba. Hakuna.

Tarehe haisogei. Nimemwambia apake hivyo hivyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Imepakwa. Kijivu, inang'aa ajabu. Nimepiga picha nimemtumia Zuhura, yeye kawatumia wakwe. Mama mkwe kajibu, mashallah, sakafu kama kioo. Nimesoma ujumbe ule mara nne. Nimewasomea na majirani. Mama Rama kachungulia, kaenda zake.

Jumamosi, 16 Agosti

Kote kumekauka. Katikati kunanata.

Jumapili, 17 Agosti

Ngo, ngo, ngo. Saa nne.

Nimeenda nikakuta rangi pale katikati imeinuka. Imefura kama ngozi iliyoungua. Umbo lile lile. Nikabonyeza penye bega kwa kidole. Lilibonyea, likarudi.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu sina pa kusema. Nikiwaambia wakwe wasije, nitasema kwa nini? Kwamba binti yangu kaninunulia nyumba yenye mtu? Posa ikivunjika kwa ajili ya sakafu, Zuhura atanyamaza, hatanilaumu. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumatatu, 18 Agosti

Presha 170 kwa 100. Elia kaja saa mbili. Kaangalia. Kavua kofia. Yule mdomo haufungi kavua kofia kama yuko msibani.

"Mama, hapa alilala nani?"

"Nijulie wapi mimi."

"Basi waulize majirani. Mimi nitarudi ukishauliza."

Nikaenda kwa Mama Rama. Nilikaa jikoni kwake kwenye kigoda. Nikasema, mama Rama, leo sina habari yoyote, niambie wewe. Akaacha mwiko sufuriani, akavuta kigoda chake.

Aliitwa Daudi. Fundi magari. Miaka mitatu sasa. Jeki iliteleza akiwa chini ya gari, asubuhi, watu wako makazini. Alikuwa na spana mkononi. Inaonekana aligonga chuma ili asikike. Mama Rama mwenyewe alisikia. Alidhani yuko kazini. Alikuwa anafua, akaendelea kufua.

Alilia hapo aliposema kufua. Nikamshika mkono.

Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akafuta machozi na upande wa khanga. "Tulitaka. Lakini wewe, mama Zuhura, ukishaanza kuhusu Zuhura, mtu anapitia wapi?"

Imeniuma. Ni kweli.

Walimchukua kwenda kuzika kwao Ulemo. Gereji wakatupia mchanga, wakafunga. Mama yake hakuletwa kupaona, walimwonea huruma kwa umri wake. Mdogo wa marehemu akauza.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeenda Ulemo kwa basi la asubuhi. Sukari kilo mbili, majani ya chai, kitenge kipya nilichokuwa nimeweka kwa ajili ya Jumamosi. Kwa mama Daudi wote wanapajua.

Ni mkubwa kwangu. Anapepeta alizeti uani, mkono bado una nguvu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kiti chenye mgongo, yeye akakaa chini. Nikamwambia mimi ndiye ninayekaa nyumba ya Daudi. Nilikuwa nimepanga maneno ya doa njia nzima. Sikupata pa kuyaweka.

Maana alianza. Daudi wangu alikuwa anasikia gari likiwa bado barabarani, anajua kinachouma. Matajiri wa mjini walikuwa wanamsubiri yeye tu, mafundi wengine wamekaa bure. Bati hizi zote za Daudi. Kisima kile cha Daudi. Alipokuwa mtoto alifungua redio ya mchungaji, akairudisha, ikasema vizuri kuliko zamani. Alikwenda hivyo mpaka chai ikapoa.

Nikajisikia mimi mwenyewe ninavyoongea. Sauti ile ile, mikono inavyorushwa, ile ya kumshika msikilizaji goti asiondoke. Siku zote nilidhani inasikika vizuri.

Sikumtaja Zuhura hata mara moja. Ulimi ulikuwa unawasha. Nilimeza.

Alipochoka nikamwambia, mama, pale alipolala panakataa kupakwa rangi. Nilitegemea atashtuka. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeulizwa njia anayoijua.

"Hakuoshwa na mimi," akasema. "Walimwosha hospitali, wakaniletea kwenye sanduku. Mtoto wangu mchafu wa oili, kila jioni nilimwambia oga kwanza. Nilikuwa nasubiri mtu aje kuniita."

Jumatano, 20 Agosti

Jana jioni nilirudi naye mama Daudi hapa nyumbani. Tulilala chumba kimoja, tukaamka pamoja. Elia kaja mapema, kakwangua rangi yote iliyofura. Mama Daudi hakutaka brashi. Hakutaka asidi. Alitaka maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche na kitambaa laini. Nikampa khanga yangu nzuri, nikaipasua kati mwenyewe.

Alipiga magoti. Hakuna aliyemwonyesha kichwa kiko wapi. Alianzia kichwani. Nyuma ya masikio. Shingoni. Akashuka begani, akaja kwenye ule mkono ulionyooka, akaosha vidole kimoja kimoja, kidole baada ya kidole, saruji tupu ile. Alikuwa anazungumza naye Kinyiramba. Mimi Mnyaturu, nusu ilinipita. Lakini kugombeza mtoto mchafu kunajulikana kwa lugha yoyote. Alimgombeza. Mara moja alicheka.

Mama Rama alileta maji. Mimi nilikamua kitambaa. Yalitoka meusi, beseni baada ya beseni. Elia alisimama nje, mgongo ametugeuzia, kama inavyopasa mwanaume wakati mama anaogesha.

Beseni la tisa lilitoka safi.

Alhamisi, 21 Agosti

Upepo umekausha usiku mmoja. Elia kamwaga asidi kidogo pale katikati, ajaribu. Imechemka. Povu jeupe. Tulisimama tukaiangalia kama watu wanaoangalia uji. Kisha kapaka.

Mama Daudi anataka kurudi kwake. Nimemkatalia mpaka Jumapili.

Ijumaa, 22 Agosti

Imekauka. Kote.

Zuhura kafika. Nimemweleza. Hakusema mabati.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamekuja ishirini na watatu. Mikeka ilitosha. Mama mkwe alishika sakafu kwa kiganja akasema mashallah nyingine. Posa imepokelewa. Mwanangu alivaa rangi ya zabibu, alipendeza mpaka nikakosa neno, na mimi si mtu wa kukosa neno.

Mama Daudi nilimkalisha mbele, pembeni yangu, amevaa kitenge kile. Mshenga akauliza kwa heshima, huyu mama ni nani kwa binti.

Nikasema ni mama wa Daudi, mwenye gereji hii. Wakauliza Daudi yuko wapi. Nikawaambia yuko Ulemo, amelala. Kisha nikaanza. Daudi alikuwa anasikia gari likiwa bado barabarani, anajua kinachouma. Matajiri wa mjini walikuwa wanamsubiri yeye tu. Nikasema ya redio, nikasema ya kisima. Nilirusha mikono. Nilimshika mshenga goti. Pilau ilipoa. Zuhura alikuwa ananiangalia kwa mbali, anacheka anafuta macho.

Mama Daudi hakuongeza kitu. Alikuwa anaitikia kila jambo kwa kichwa, moja baada ya moja, kama anayehesabu aone kama sijasahau.

Jumapili, 24 Agosti

Presha 138 kwa 86.

Nimemsindikiza stendi. Zuhura kalala bado. Nimekunja mikeka peke yangu. Saa nne niliketi gerejini kwenye kigoda nikasikiliza. Upepo tu. Nilisubiri mpaka saa tano. Ilinisikitisha kidogo.

Kuku wakaingia kuokota punje za pilau. Hawakuzunguka. Wawili walijilaza katikati, wakafumba macho. Jua halifiki pale. Nikaenda nikawasogeza, nikaweka kiganja sakafuni.

Pana joto. Kama kitanda mtu akiwa ameamka sasa hivi.