Msafiri Haambiwi

Dada yangu Rukia,

Bado nakuona uani kwetu kisiwani Amu, unashona kofia, mimi nimekaa chini na kompyuta mapajani. Uliniuliza ni hisabati gani hiyo isiyo na mwisho. Nikakueleza kwamba ndani ya damu yako kuna protini zilizoshikana maelfu kwa maelfu, hii ikiamrisha ile, nami natunga hesabu za kuiuliza kompyuta: tukizuia ipi, seli zako nyekundu zitaacha kujikunja? Ukaninyooshea kofia mbele ya macho. "Uzi mmoja ukikatika kofia haifi," ulisema. "Yategemea ni upi."

Nilicheka, lakini neno lile lilinifaa kuliko vitabu vingi. Siko seli, ugonjwa huo wa damu, ilikuwa nawe toka utotoni. Hisabati hii niliichagua kwa ajili yako, na sikuwahi kukwambia. Sote wawili tulikuwa hodari wa kuficha.

Mwezi wa mwisho nilikupigia kila Ijumaa kutoka Nairobi. Ulijibu alhamdulillahi, ukanitania kama nimepata mume au bado nimeposwa na kompyuta. Nikasema nangoja majibu ya hesabu kubwa, wiki moja tu, kisha nije. "Maliza kwanza," ukasema. Sauti yako ilikuwa nyembamba, nikalaumu mtandao.

Kumbe ulikuwa umelazwa. "Alitukataza kukwambia," Mama alinieleza baadaye. "Kasema utashituka ndiani." Ndiyo desturi yetu, msafiri hapewi habari mbaya njiani, mpaka afike. Hesabu zilipokwisha nikaja. Pale uwanja wa ndege wa Manda binamu yetu alinipokea begi bila utani wowote. Kwenye boti akaniuliza habari za Nairobi, nami nikamsimulia kwa furaha. Nilijua nilipofika mlangoni, nikakuta viatu vimejaa na wanawake ndani wanasoma Yasini. Ulikuwa umezikwa jana yake.

Majibu ni mazuri, Dada. Kompyuta imetoa protini chache za kujaribiwa maabara, na wenzangu wamenipongeza. Itachukua miaka, na huenda isiwe dawa. Mimi naitaka ile wiki moja tu.

Watu wanasema ulinionea huruma. Mimi nasema ulininyima kukushika mkono. Nakuombea kila sala, na kila sala nainuka nikiwa bado nimekukasirikia. Mola alipanue kaburi lako. Nitakusamehe, ila si leo.

Mdogo wako,
aliyeambiwa mwisho